Waliokalia Pindo la Dunia

Mji ule uliitwa Hapa. Wenyewe hawakuona haja ya kuupa jina jingine, kwa kuwa jina ni la kutofautishia, na wao hawakuwa na mji wa pili wa kuutofautisha nao. Ukimuuliza mtu wa Hapa ametoka wapi, alikutazama kwa huruma, akakujibu, hapa, akaendelea kumenya chungwa lake. Neno Kule walikuwa nalo, lakini Kule haukuwa mji. Kule ilikuwa chini, na chini haishi mtu, kuna kuanguka tu.

Dunia ya watu wa Hapa ilikuwa mkeka. Sisemi ilifanana na mkeka. Ilikuwa mkeka, umetandikwa na Mwenyewe siku ya kwanza, na viumbe wote wakakaribishwa juu yake, wakavua viatu. Na kila aliyewahi kutandika mkeka uwanjani penye upepo anaijua shida yake: upepo ukiingia chini ya pindo, mkeka hujikunja, na birika, sahani za mikate na mtoto aliyelazwa hapo vyote huviringishwa pamoja. Dawa ya mkeka wa namna hiyo ni moja, nayo haihitaji mganga. Mtu aukalie.

Ndivyo walivyofanya tangu mababu wa mababu zao. Walipanda uzio wa minyaa kwenye mwisho wa dunia ili mtoto asije akatumbukia, na kila mtu mzima akapewa mahali pake pa kukaa, mgongo kwenye uzio, uso kwa wenzake. Mgongo kwenye uzio, hilo lilikuwa sharti. Atakayegeuka kutazama nje atashikwa na kizunguzungu, walisema, na isitoshe utomvu wa mnyaa ukimruka mtu machoni humpofua, jambo ambalo hata asiyeamini chochote analijua. Basi walikaa. Walikaa kila siku tangu alasiri mpaka jua linapozama, mamia kwa mamia, bega kwa bega, na usidhani walikaa kwa huzuni. Pindoni ndiko habari zilikozaliwa. Huko ndiko kahawa ilikonywewa, bao lilikochezwa, ugomvi wa asubuhi ulikopatanishwa kabla ya magharibi. Mtu ambaye mjini hakuwa kitu, asiyeitwa barazani wala kuulizwa shauri, alipofika pindoni na kukaa alihisi dunia nzima imetulia chini yake, na imetulia kwa sababu ni yeye aliyekaa. Nani angekubali kuinuka hapo? Mimi nisingeinuka upesi, na wewe unayecheka, ngoja kwanza nikumalizie.

Siwatu alikuwa mwanamke msusi wa mikeka, mke wa Vuai, na siku tunayoanza kumfuata alikuwa na shida ambayo kila mzazi ataielewa. Binti yake Mize alikuwa anaolewa Ijumaa baada ya alasiri, na baba wa bibi harusi alikuwa amekataa kuinuka.

Ilianza siku arobaini kabla, ingawa siku za Hapa hazihesabiki vizuri. Zina tabia ya kurudi kuchukua kitu zilichosahau. Mize alikuwa amempelekea baba yake kahawa pindoni. Vuai alikuwa ameinuka, kitambo kidogo tu, kwenda kutia udhu. Msichana akabaki amesimama peke yake karibu na mahali mnyaa mmoja ulipokuwa umekauka, akasikia kicheko nyuma ya uzio. Kilikuwa kicheko cha mwanamume, na kilimpendeza. Akaweka birika chini, akajipitisha kwenye pengo. Vuai aliporudi alikuta birika lina joto na Mize hayupo. Majirani zake wa kushoto na wa kulia walimtazama, wakasema neno moja tu: umeinuka, Vuai. Tangu saa ile hakuinuka tena. Chakula aliletewa, akasali ameketi, akalala ameketi.

Siku ya tatu jiwe liliruka juu ya uzio, limefungwa barua. Mize aliandika kwamba hajaanguka, amepita tu. Huko kuna watu, kuna visima, na kuna mchuzi wa papa mtamu kuliko wa mama yake, amsamehe. Mwenye kile kicheko anaitwa Shaame, wamependana, na watu wake wamekubali. Mwanamke hana ndoa bila walii, na angeweza kupata mtu wa kumwakilisha baba yake, lakini hataki wakili, anataka sauti ya baba yake. Mwishoni aliandika mstari mmoja peke yake: Mama, mwambie Baba ageuke.

Siwatu alikimbia nayo mpaka pindoni akilia na kucheka. Aliyeipokea ni Maalim Ngwali, mpanga vikao, mtu mnene mwenye uso wa sikukuu, anayejua mahali pa kila mtu na sababu ya kila jambo. Maalim aliisoma barua mara mbili, akaitikisa, akainusa. Akasema hati inafanana na ya Mize, inafanana mno, na ni nani atakayejisumbua kufananisha hivyo isipokuwa mghushi? Siwatu akamwambia hakuna mghushi angejua habari za mchuzi wake. Maalim akasema hapo ndipo ulipo werevu wao. Siwatu akauliza werevu wa nani. Maalim akashusha sauti, akasema wao, na watu wote wa karibu wakaitikia kwa vichwa, kwa furaha ya watu wanaojua siri moja. Ukileta ushahidi, umetengenezwa. Usipoleta, umefichwa. Siwatu aliongea mpaka koo likamkauka, na kama wahenga walivyosema, kuambizana kupo, kusikilizana hapana.

Maalim Ngwali hakuwa mwongo. Ningependa awe mwongo, hadithi ingekuwa nyepesi. Alikuwa mtu mwema aliyekuwa na jibu la kila kitu, na mtu mwenye jibu la kila kitu hualikwa kila nyumba, hasa nyumba yenye msiba. Daktari wa Hapa alikuwa akija, akatikisa kichwa, akasema hatujui. Imamu akasema Mungu ndiye ajuaye. Maneno yote mawili ni ya kweli, lakini hayana mahali pa kukaa. Maalim Ngwali alipokuja, alikuja na mahali. Alimshika mfiwa mkono, akamwambia si bure haya, kuna sababu, njoo nikuonyeshe, kisha akampeleka pindoni, akampangusia vumbi, akamwambia kaa. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Watu husema wanaoamini mambo ya ajabu wamekosa elimu. Labda. Mimi naona wengi wao walikosa kiti, na wa kwanza kuwapa kiti ndiye waliyemwamini.

Vuai naye alipewa kiti hivyo. Siwatu alijua siku yake na mwaka wake, lakini lilikuwa jambo lisilosemwa nyumbani kwao. Alipokuwa akishona mkeka wa harusi uani, kila alipochoma sindano aliisikia sauti ya mumewe, vipande vipande, kama ilivyomjia kila usiku alipompelekea chakula:

Siinuki. Niliinuka mara moja, kata moja ya maji, akaenda. Usiniambie amepita. Kupita ni neno la kunipoza. Wewe husemi neno hilo kwa sababu ya Mize, unalisema kwa ajili yangu. Nakushukuru. Siinuki. Na kabla ya Mize. Kabla ya Mize nilikuwa sijakaa bado. Nilikuwa nazurura tu duniani, mikono mifukoni, na dunia haijashikwa. Unaona sasa? Mara mbili. Mtu anaweza kukosea mara ngapi? Funika sufuria, mchuzi utapoa. Siinuki.

Uani kwa Siwatu wanawake walikuwa kumi na wawili, na kazi ilikwenda kwa vicheko. Hapa lazima nikueleze mkeka unavyopatikana, maana ndipo lilipo kosa la watu wa Hapa, na sijui mji mwingine ungewezaje kulifanya. Kwanza husukwa ukili, utepe wa miyaa, majani makavu ya ukindu, mrefu wa kuweza kuzunguka nyumba. Kisha ukili huo hushonwa pembeni kwa pembeni na nafsi yake, ukizungushwa na kuzungushwa, mpaka unapata kitu cha duara kama pipa lisilo na kitako, kisicho na mwanzo unaouona wala mwisho. Watoto huingia ndani wakatokea upande wa pili. Ni mwisho kabisa ndipo kisu kinapopita kutoka mdomo hadi mdomo, duara likafunguka, likalala, likawa mkeka. Pindo huja baadaye. Pindo hutiwa pale kisu kilipopita.

Kila mwanamke wa Hapa alilijua hilo. Lakini ilikuwa mila kwamba mwanamume haingii uani mkeka unaposhonwa, na mkeka hautolewi nje mpaka umekwisha kukatwa na kulazwa. Kwa hiyo wanaume wa Hapa, ambao ndio waliofundisha dunia ni nini, walikuwa hawajapata kuona mkeka ambao si bapa. Waliijenga elimu yao yote juu ya mkeka bila kumuuliza msusi. Na wanawake hawakusema, kwa sababu kwanza hawakuulizwa, na pili, waume zao wakiwa pindoni alasiri nzima, nyumba zilipumua.

Ijumaa adhuhuri mshono wa mwisho ukafungwa. Wanawake wakaandaa vigelegele, kisu kikaletwa, Siwatu akakishika. Akautazama mkeka umesimama katikati ya ua, mviringo, mwekundu na kijani, juani. Wenzake wakamhimiza. Yeye akarudisha kisu kwenye ala, akaichomeka kiunoni, akaubana mkeka ukalala bila kukatwa, akajitwika, akatoka nao mlango wa mbele. Wanawake walishika midomo. Baadaye wakamfuata, kwani nani angekubali kusimuliwa jambo kama lile?

Njia ya kwenda pindoni ina mambo yake. Humrudishia mtu anayoyakumbuka, na kwa Siwatu ilimrudishia miaka. Alitoka nyumbani akiwa mwanamke wa umri wake, magoti yanalia. Penye kisima alikuwa na thelathini na mbili, ana Mize mgongoni. Penye msikiti alikuwa na thelathini, tumbo kubwa, hasemi na mtu. Kisha kulikuwa na sehemu ya njia isiyo na kivuli, ambako alikuwa na umri wa mwaka ule, na hapo hakutazama pembeni, alikaza mwendo. Alipofika mbele ya Vuai alikuwa na miaka kumi na tisa, kanga yake mpya, na Vuai alimwangalia kama alivyomwangalia siku ya kwanza. Ilikuwa kitambo tu, kisha wote wawili wakarudi katika nyuso zao.

Pindoni palijaa. Siwatu akautua mkeka, akaufungua kwa mikono miwili, ukasimama. Bao likasimama. Vikombe vikabaki njiani. Mamia ya wanaume waliukodolea macho mkeka wa duara, na wapo walioona haya, kana kwamba wameingia chumba kisicho chao. Maalim Ngwali ndiye aliyepata neno la kwanza, kama ilivyo ada. Alisema mkeka huo umeharibika, halafu akasema umetengenezwa na wao, halafu akasema mambo hayo mawili ni jambo moja. Wanawake waliosimama nyuma wakaangua kicheko, na kicheko cha wanawake kumi na wawili kina nguvu ambayo hoja haina.

Vuai hakucheka. Alinyoosha mkono bila kuinuka, akaweka kidole kwenye ukili mmoja, akaufuata. Kidole kikaenda, kikazunguka, mkono ukafika mwisho wa urefu wake, akaugeuza mkeka kwa mkono wa pili, akaendelea kuufuata, kikarudi mbele ukili mmoja juu ya pale kilipoanzia. Akazunguka hivyo mara nne. Akauliza kwa sauti ndogo kama mikeka yote iko hivi. Siwatu akamwambia yote, hata ule wanaolalia. Akauliza mbona hawakuwaambia. Siwatu akamjibu kwamba hawakuuliza, na pia walionekana wana raha.

"Sawa," Vuai akasema. Aliondoa kidole. "Tuseme hakuna pindo. Tuseme mnakata nyinyi wenyewe kwa kisu. Basi niambie jambo moja, Mama Kazija."

Wanawake waliacha kucheka. Jina hilo lilikuwa halijatamkwa nyumbani kwao miaka ishirini na miwili. Kazija alikuwa mtoto wao wa kwanza, aliyekufa kwa homa ya siku mbili akiwa na miaka mitatu, mwaka mmoja kabla ya Mize kuzaliwa. Tangu hapo watu waliwaita Mama Mize na Baba Mize, kama heshima, na jina la kwanza likawekwa mbali.

"Kama hakuna pindo," Vuai alisema, "na kama hakuna mtu aliyeacha kulikalia, Kazija aliondokaje?"

Siwatu alitaka kusema mambo mengi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ya mambo ya kusema. Alichuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"Ni homa, Baba Kazija," akasema. "Homa tu. Haikuwa na sababu nyingine. Hukuinuka popote. Ulikuwa umempakata."

Wakalia. Walilia mbele ya mji mzima, kwa sauti, bila haya, kilio cha msiba uliochelewa kuzikwa. Nakwambia haikuwa huzuni peke yake. Kulikuwa na kitu kama kutua mzigo mtu akagundua shingo yake bado inageuka. Hata Maalim Ngwali alitoa leso. Alikuwa ametumia umri wake wote kuwapa watu sababu, na sasa aliona mtu ananyang'anywa yake na hafi.

Lakini Vuai hakuinuka. Alisema magoti hayaamini bado. Ukweli umefika kichwani, alisema, umefika na kifuani, lakini chini hawajapata habari. Siwatu, badala ya kumvuta, alimwambia sogea. Akakaa kando yake, mgongo kwenye uzio, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

Na hapo, jamani, ndipo alipoelewa. Bega la mumewe lilikuwa upande huu, bega la jirani upande ule, na baada ya bega hilo bega jingine, mpaka usipoona. Mtu mmoja alimpa kikombe cha kahawa bila kuuliza yeye ni nani. Mwingine alimpa ganda la chungwa la kunusa. Jua lilikuwa linawaangalia wote sawasawa. Chini yake ardhi ilikuwa imetulia, imetulia kabisa, na Siwatu msusi wa mikeka, aliyejua kuliko mtu yeyote pale kwamba hakuna cha kukalia, alihisi kwamba akiondoka kitu kitavunjika. Akaogopa. Alifikiri: nami ningekuja hapa mwaka ule, ningebaki. Alimtazama mumewe, akamsamehe jambo ambalo hata hakujua kama alikuwa na kinyongo nalo.

Ngoma zikasikika nyuma ya uzio. Zilikuja zikikaribia, na vigelegele, na nyimbo za harusi kwa maneno ya Hapa hasa, isipokuwa wao walivuta mwisho wa kila mstari. Mamia ya wanaume walikaza miili yao pindoni. Maalim Ngwali alianza kusema kwamba wao ni hodari wa kuiga, lakini sauti yake haikuwa na chumvi. Kisha ngoma zikanyamaza, na kutoka penye pengo la mnyaa uliokauka, nyuma ya kisogo cha Vuai kabisa, sauti ya Mize ikasema:

"Baba, ni mimi. Geuka."

Vuai alifumba macho. Akamshika Siwatu mkono mpaka ukamuuma. Kisha, akiwa bado ameketi, akaigeuza shingo yake, na mabega, na kiuno, kidogo kidogo, kama mlango ambao haujafunguliwa miaka mingi, akafumbua macho.

Aliona mgongo.

Ulikuwa mgongo wa mtu mzima, ndani ya kanzu nyeupe ya harusi, umeegemea upande wa pili wa uzio, shubiri moja kutoka kwake. Kushoto kwake kulikuwa na mgongo mwingine, na kulia mwingine, safu nzima, mpaka usipoona. Mbele ya migongo hiyo kulikuwa na bao, na vikombe vya kahawa, na maganda ya machungwa, na mji. Na baina ya mgongo ule na mji alisimama Mize, amevaa hariri, hina mpaka kwenye viwiko, ameweka mikono kiunoni.

"Huyu ni baba yake Shaame," Mize alisema. "Mzee Faki. Amekataa kuinuka. Anasema akiinuka, dunia itajikunja upande wa kwenu."

Ilichukua muda neno hilo kufika. Lilianza kwa Siwatu, ambaye alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Likaenda kwa wanawake kumi na wawili, likaruka uzio na kuwapata wanawake wa Kule, ambao inaonekana walikuwa wakilingoja siku nyingi. Mzee Faki akauliza bila kugeuka ni nani anayecheka chini ya dunia. Vuai akamjibu kwamba ni mkwewe. Mzee Faki akafikiri, kisha akatoa salamu, na Vuai akaipokea, na wakaulizana habari za nyumbani kwa utaratibu wote unaostahili, mmoja akitazama mashariki na mwingine akitazama kisogo chake. Ikabainika kwamba wamekaa pale miaka ishirini na miwili wote wawili. Mzee Faki naye alikuwa na jina asilolitaja. Alilitaja. Vuai akataja la kwake.

Ikabaki kuinuka. Mzee Faki alisema yuko tayari, ila Vuai aanze, kwa kuwa upande wa bibi harusi ndio hutangulia. Vuai akasema hapana, mgeni njoo mwenyeji apone. Wakabishana nani mgeni. Mwishowe Siwatu akaamua waondoke pamoja, kwa hesabu. Akahesabu moja, mbili, tatu, na hakuinuka mtu, kila mmoja akimngoja mwenzake. Akahesabu tena. Safari hii Mize alipitisha mkono mmoja kwenye pengo akampa baba yake, na mwingine akampa baba mkwe, na kwenye tatu akavuta.

Vuai alisimama. Magoti yalilia yote mawili. Upepo wa alasiri ukapita, ukainua ncha za kanga, ukaangusha kofia moja, ukaenda zake. Watu mia tatu wa Hapa na mia tatu wa Kule walikaa wameshikilia ardhi kwa viganja, pumzi juu. Dunia haikujikunja. Maalim Ngwali ndiye aliyetangulia. Alisema bila shaka haikujikunja, maana watu wa Hapa mia tatu waliobaki waliikalia barabara, na wakati huu kulikuwa na mkeka mzima wa ziada. Alisema hivyo akijipangusa jasho, na watu wakacheka, na yeye akacheka, na wala sikuambii kwamba alibadilika. Kesho yake alikuwa mahali pake. Lakini alikaa upande, ili aweze kutazama huku na huku.

Mnyaa uliokauka ukang'olewa, na pengo likatosha watu wawili kupita. Vuai alisimama hapo mlangoni, akatazama mahali pake pa miaka ishirini na miwili. Majani yalikuwa hayajaota, ardhi imeng'aa. Akauliza, bila kumlenga mtu, basi muda wote huu alikuwa amekalia nini.

"Ulitukalia sisi, Baba," Mize akasema. "Ulidhani tutapeperuka."

Vuai akatikisa kichwa, akamwomba binti yake radhi. Mize akamwambia arekebishe kofia, watu wanangoja.

Shaame akaletwa, kijana mrefu mwenye meno mengi, ambaye hata kwenye nikaha yake alikuwa akijizuia kucheka. Shehe wa Kule akafungua kitabu chake. Siwatu naye akainuka, akatoa kisu, na mbele ya wanaume wote akaupasua mkeka kutoka mdomo hadi mdomo, ukalala baina ya pande mbili za uzio, na wanaume wakatoa sauti ndefu ya watu walioonyeshwa kitu walichokuwa nacho nyumbani. Bwana harusi akakaa. Mashahidi wakakaa. Mzee Faki akakaa kwa raha kuliko wote. Shehe akanyoosha mkono, akamwambia Vuai akae, nikaha husomwa watu wameketi.

"Nimekaa vya kutosha," Vuai akasema, akainama, akaushika mkono wa Shaame, akamwoza binti yake akiwa wima.